Mgonjwa Haulizwi Uji

Mwaka 1961 Donald Oken, daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Michael Reese mjini Chicago, alichapisha majibu ya madaktari 219 aliowauliza swali ambalo hadi leo linamfanya daktari ajikune kichwa: mgonjwa wako akiwa na saratani, unamwambia? Karibu asilimia 90 walikuwa upande wa kutosema. Walikuwa na maneno yao ya kupitia kando. Kuna uvimbe, walisema. Kuna kitu kimeota, tukitoe. Mgonjwa alipasuliwa, akapigwa mionzi, akarudishwa nyumbani, na jina la ugonjwa wake halikutamkwa mbele yake. Aliyeambiwa alikuwa ndugu yake.

Kwangu mimi jambo zito katika utafiti ule ni sababu walizozitoa, kuliko hata hiyo asilimia 90. Walipoulizwa wamejuaje kwamba kunyamaza ndiyo njia bora, wengi walijibu kuwa uzoefu umewafundisha. Oken akachimba zaidi, akakuta ni nadra kwa daktari kuweza kutaja mfano anaoujua wa mtu aliyedhurika kwa njia tofauti na ile aliyoizoea yeye. Mtu aliyenyamaza miaka 30 ana uzoefu wa miaka 30 wa kunyamaza. Wa kusema hana hata wa siku moja.

Ni rahisi kuwahukumu tukiwa huku mbele. Lakini madaktari wale walirithi mafundisho ya kale sana. Maandishi ya Kiyunani yanayohusishwa na Hippocrates yanamshauri tabibu amfiche mgonjwa mambo mengi wakati anamhudumia, hasa yanayohusu mwisho wake. Thomas Percival wa Manchester, katika kitabu chake cha maadili ya udaktari cha mwaka 1803, alitaka daktari awe mleta matumaini, asiwe mtabiri wa mabaya. Chama cha Madaktari cha Marekani kilipoandika kanuni zake za kwanza mwaka 1847, kilichota humohumo, kikaonya kwamba maisha ya mgonjwa yanaweza kufupishwa hata kwa maneno ya daktari au kwa namna anavyojiweka. Fikiria daktari wa wakati huo alikuwa na nini mkobani: afyuni, kisu cha kumtoa mtu damu, na maneno. Matumaini yalikuwa miongoni mwa dawa chache zisizoua.

Waswahili wana methali inayowaelewa madaktari hao vizuri: mgonjwa haulizwi uji. Unaukoroga, unauleta, unamwinua kichwa. Ukimuuliza atasema hataki, na kesho hana nguvu. Ni methali ya upendo, na hapo ndipo ugumu wake ulipo, kwa sababu anayetenda kwa upendo haoni haja ya kuuliza.

Wanasosholojia wawili wa San Francisco, Barney Glaser na Anselm Strauss, walikaa katika hospitali za eneo lao wakitazama upendo huo unafanya nini wodini. Kitabu chao cha mwaka 1965 kinaeleza hali kadhaa, na mojawapo huisahau kwa shida ukishaisoma. Mgonjwa anajua kwamba anakufa. Wauguzi wanajua. Kila mmoja anajua kwamba mwenzake anajua. Na wote wanaigiza kwamba hakuna kitu, wanaongelea hali ya hewa na chakula cha jioni, kwa sababu wa kwanza kuacha kuigiza atawavunja wote. Daktari alitoa amri ya kunyamaza asubuhi, akaondoka. Muuguzi ndiye aliyebaki na mgonjwa saa nane za usiku, anapoulizwa, "Dada, hivi mimi nitarudi nyumbani?"

Mwaka huohuo huko Chicago, wanafunzi wanne wa theolojia walimwendea Elisabeth Kübler-Ross, daktari mzaliwa wa Uswisi, wakitaka kujifunza kuhusu kifo. Aliona wa kuulizwa ni wanaokufa wenyewe. Akazunguka wodi za hospitali ya Billings akitafuta mgonjwa mmoja aliye karibu na mwisho ambaye angekubali kuzungumza. Akajibiwa kwamba hapa hakuna wagonjwa wa namna hiyo. Hospitali kubwa ya chuo kikuu, haina mtu anayekufa! Alipowapata, wagonjwa walizungumza, na wengi walionekana kana kwamba walikuwa wakisubiri mtu wa kuwauliza. Mazungumzo hayo yakawa darasa la kila wiki, wanafunzi wakisikiliza nyuma ya kioo, kisha yakawa kitabu mwaka 1969. Dunia ikakariri zile hatua zake tano za huzuni, jambo ambalo naliona kuwa bahati mbaya. Kazi yake kubwa ilikuwa kuvuta kiti na kukaa.

Mwaka 1979 kikundi cha watafiti wa Rochester, jimbo la New York, kilichukua dodoso lilelile la Oken, na madaktari 264 wakalijibu. Safari hii asilimia 97 walisema wangependelea kumwambia mgonjwa. Ndani ya miaka 18 taaluma nzima ilikuwa imegeuka. Matibabu ya saratani yalikuwa yameanza kuzaa matunda, sheria ilianza kudai ridhaa ya mgonjwa anayejua anachokiridhia, na wagonjwa wenyewe walikuwa wamechoka kufanywa watoto.

Hata hivyo, kukubali kwamba jambo lisemwe hakumfundishi mtu namna ya kulisema. Daktari alikesha miaka akijifunza jina la kila mfupa, lakini namna ya kuketi mbele ya mama wa watoto watatu na kumwambia majibu yamerudi mabaya, hiyo aliachiwa aiokote njiani, kwa kumtazama aliyemtangulia. Aliyemtangulia naye alikuwa wa kizazi cha kunyamaza. Ukweli ukaanza kutolewa, naam, lakini ulitolewa mlangoni, kwa simu, mbele ya vitanda vingine, kwa lugha ya vitabu. Iliaminika kwamba kuzungumza na mgonjwa ni kipaji: kuna waliozaliwa nacho, na kuna wasionacho ambao tunawavumilia kwa sababu mikono yao ni hodari.

Kilichovunja imani hiyo ni chombo kidogo: kinasa sauti. Mwaka 1976 Patrick Byrne na Barrie Long walichapisha uchambuzi wa kanda za mazungumzo zaidi ya 2,000 kati ya madaktari wa kawaida na wagonjwa wao. Ilionekana kwamba kila daktari ana mtindo wake na haubadilishi sana, aje mtu mwenye mafua au mwenye msiba. Mwaka huohuo Peter Maguire, daktari wa akili aliyefanya kazi zake nyingi Manchester, jiji lilelile la Percival, alieleza pamoja na mwenzake jinsi walivyowarekodi wanafunzi wa udaktari kwa video wakimhoji mgonjwa, kisha wakawaketisha wajitazame. Nadhani kila aliyewahi kusikia sauti yake mwenyewe kwenye simu anaelewa mateso ya darasa hilo. Lakini lilifanya kazi. Miaka mitano baadaye, walipofuatiliwa wakiwa tayari madaktari, waliofundishwa kwa kuoneshwa makosa yao walikuwa bado wanawazidi wenzao. Jambo likifundishika, likapimika, na likadumu, ni vigumu kuendelea kuliita kipaji.

Kisha ikaja sekunde 18. Howard Beckman na Richard Frankel, mwaka 1984, walisikiliza kanda za mahudhurio 74. Daktari anauliza, "Una shida gani?" na mgonjwa anaanza. Ni katika mahudhurio 17 tu mgonjwa aliachwa amalize. Kwa wengi wa waliosalia, daktari alikatiza, kwa wastani baada ya sekunde 18, kwa kawaida akidaka lile neno la kwanza alilolitambua na kukimbia nalo. Daktari anajitetea kwamba foleni ni ndefu, na anayejua kliniki zetu za asubuhi hatambishia. Ila kuna utafiti wa mwaka 1999 ulioonyesha kwamba wagonjwa walioachwa wamalize walitumia, kwa wastani, sekunde 6 zaidi ya waliokatizwa. Na huko Basel, Uswisi, madaktari walipoagizwa mwaka 2002 wakae kimya wasikilize, wastani wa mgonjwa kuongea hadi kunyamaza mwenyewe ulikuwa sekunde 92. Chai kwenye kikombe haijapoa.

Wakati Uingereza na Marekani zinahesabu sekunde, huku kwetu mazungumzo ya kitabibu yalikuwa yanazaliwa upya kwa njia nyingine, na kisa chake kinaanzia huko huko kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1986 Christopher Kaleeba, Mganda aliyekuwa masomoni Hull, aligunduliwa kuwa na UKIMWI. Mkewe Noerine, mtaalamu wa tiba ya viungo wa hospitali ya Mulago, alisafiri kwenda kumuuguza, akaona jinsi wahudumu walivyokaa na mumewe na kuzungumza naye. Waliporudi Kampala alikutana na kitu kingine: woga, minong'ono, watu wanaopita mbali na kitanda. Christopher alifariki Januari 1987. Mwaka huohuo Noerine pamoja na kikundi kidogo cha watu, wengi wao wakiwa wenyewe wanaishi na virusi au wanauguza aliye navyo, walianzisha TASO.

Hawakuwa na dawa ya kupunguza virusi. Waliweza kutibu magonjwa nyemelezi, na waliweza kuzungumza, na mazungumzo yakawa sehemu ya tiba yenyewe, yenye mafunzo yake, chumba chake na watu wake. Mwaka 1989 Dar es Salaam nayo ikapata WAMATA, iliyoanzishwa na Theresa Kaijage. Kazi mpya ikazaliwa katika Afrika Mashariki, ya mtu ambaye si daktari wala muuguzi wala mchungaji, anayekaa na mwenzake kabla ya kipimo na baada ya kipimo. Kiswahili kikaipa jina: ushauri nasaha. Jina hilo hunichekesha kidogo. Maneno yote mawili yana harufu ya kumwambia mtu la kufanya, na kazi yenyewe imejengwa juu ya kujizuia usimwambie. Mshauri anafundishwa kuuliza: umekuja na wasiwasi gani? Majibu yakiwa hivi, nani wa kwanza utamwambia? Uji unaulizwa.

Ninachotaka kisisahaulike ni kwamba ustadi huu, ambao vyuo vya Ulaya sasa vinautolea vyeti, hapa ulijengwa kwa kiasi kikubwa na watu waliokuwa upande wa pili wa meza. Walijua korido inavyokuwa. Anne Merriman, daktari Mwingereza aliyeanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993, aliongeza kipande kilichokosekana: mofini ya maji ya kunywa, ya bei nafuu. Mtu anayelia kwa maumivu huwezi kumuuliza hofu zake.

Nirudi Marekani, nyuma kidogo, kwa sababu mafunzo haya yasingekuwa yalivyo leo bila mzaha mmoja. Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu, alikuwa akisaidia kuendesha mtihani wa ubingwa mjini New York, ambapo wagonjwa halisi walipimwa na watahiniwa mmoja baada ya mwingine. Mgonjwa mmoja alimweleza baadaye kwamba mtahiniwa fulani alikuwa mkali na alimpima kwa kumuumiza. Basi naye akamkomoa: akabadilisha dalili zake. Ugonjwa alionao ni wa kweli, lakini mguu uliopaswa kuitikia hivi akaufanya uitikie vingine, na mtahiniwa akapotea. Barrows akachukua funzo ambalo wengine wangelicheka tu. Kwanza, mgonjwa anaona kila kitu. Pili, dalili zinaweza kuigizwa.

Mwaka 1963, akiwa Chuo Kikuu cha Southern California, alimfundisha mwanamke aliyekuwa akifanya kazi ya kukaa mbele ya wachoraji aigize mgonjwa aliyepooza miguu, na akawapa wanafunzi wamhoji na kumpima. Mwisho wa kipindi mwigizaji alieleza alivyotendewa. Wenzake Barrows walimbeza. Los Angeles ndiyo mji wa sinema, na ilionekana sinema sasa imevamia udaktari. Ilichukua miaka mingi wazo hilo kukubalika. Lilipokubalika lilifika mbali: kuanzia mwaka 2004 kila mhitimu wa shule ya udaktari ya Marekani alitahiniwa kitaifa mbele ya wagonjwa waigizaji. Faida yake kubwa ni kwamba mwigizaji hafi. Unaweza kumwambia habari mbaya vibaya, ukaona uso wake unavyoporomoka, mwalimu akasema tuanze upya, na yeye akajifuta machozi akarudi pale pale. Mgonjwa wa kweli anaisikia sentensi ile mara moja maishani.

Aliyeupa ustadi huu umbo linalokaririka alikuwa mchekeshaji. Robert Buckman, Mwingereza, alikuwa daktari wa saratani na pia mtu wa vichekesho vya televisheni. Mwaka 1979 ugonjwa wa kinga ya mwili nusura umwue, kwa hiyo alikijua kitanda kutoka upande wa kulaliwa. Alihamia Toronto, akaandika mwaka 1992 kitabu cha namna ya kutoa habari mbaya, na mwaka 2000 yeye na Walter Baile wa Houston na wenzao wakachapisha hatua sita zinazojulikana kwa jina la SPIKES. Andaa mahali, kaa chini. Uliza mgonjwa anajua nini tayari. Uliza anataka kujua kiasi gani. Kisha ndipo useme, kwa maneno ya nyumbani, kidogo kidogo. Zipokee hisia zitakazotoka. Halafu pangeni mnaelekea wapi. Hatua mbili kati ya zile tatu za kwanza ni maswali.

Katika hatua ya kusema, daktari anafundishwa kutanguliza onyo: "Nasikitika, majibu si kama tulivyotarajia." Sekunde chache za kumpa mtu nafasi ya kujishika. Niliposoma hapo nilitabasamu. Kwetu hakuna anayepigiwa simu akaambiwa baba yako amefariki. Anaambiwa, "Mzee hali yake imebadilika, jitahidi uje," na shangazi anatumwa kumsubiri stendi. Aliye ndani ya basi anajua, na hajui, na saa zile za njiani zinamfanyia kazi ambayo Buckman aliitafutia sentensi moja. Tuna na "pole", neno ambalo Kiingereza hakina mfano wake, linalobeba uchungu wa mwenzako bila kukiri kosa lolote. Madaktari wa Kiingereza huhangaika na neno lao la kusikitika kwa sababu linaweza kusikika kama la kuomba radhi.

Lakini "pole" inaweza pia kufunga mlango. Maguire na wenzake waliosikiliza kanda za wauguzi na madaktari wa saratani walikuta mbinu za kukimbia ambazo wenyewe hawakujua wanazo. Mgonjwa anasema, "Usiku siwezi kulala, nawaza watoto." Mhudumu anajibu, "Na choo unapata vizuri?" Au anamtuliza kabla hajaeleza kinachomsumbua. Kwa Kiswahili hiyo ya mwisho tunaifahamu sana: "Pole mama, usiwaze hayo, Mungu ni mkubwa." Kila neno hapo ni zuri, na baada yake mama hasemi tena. Ongeza umri. Daktari wa miaka 26 amemwamkia mzee shikamoo, na dakika moja baadaye anatakiwa kumuuliza kama mkojo unatoka na kama amefikiria kifo. Kozi zilizoandikwa Ulaya hazina ukurasa wa shikamoo. Huo tutauandika sisi.

Na uzoefu je, ule wa madaktari wa Oken? Lesley Fallowfield na wenzake waliutia kwenye mizani. Mwaka 2002 walichapisha katika Lancet jaribio lililohusisha madaktari wa saratani 160 kutoka vituo 34 vya Uingereza. Waliohudhuria kozi ya siku tatu, yenye video, waigizaji na vikundi vidogo, walibadilika: waliuliza zaidi maswali yaliyo wazi na kuonyesha zaidi kwamba wamesikia. Miaka kazini peke yake haikuwa imewapa hayo. Serikali ya Uingereza, ambayo mpango wake wa saratani wa mwaka 2000 ulikuwa umeshaahidi mafunzo ya namna hiyo, ilifika mwaka 2008 kuwa na kozi ya kitaifa ya mawasiliano ya ngazi ya juu kwa wanaohudumia wagonjwa wa saratani. Daktari bingwa wa miaka mingi aliketi chumba kimoja na muuguzi, akaigiza, akasimamishwa katikati ya sentensi, akaambiwa ajaribu kunyamaza kidogo.

Ingependeza kisa kiishie hapo. Mwaka 2013 J. Randall Curtis wa Seattle na wenzake walichapisha jaribio kubwa zaidi. Madaktari wanafunzi 391 na wauguzi wanafunzi wa ngazi ya juu 81 waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa mafunzo ya kuigiza mazungumzo na wagonjwa mahututi. Kisha hawakuulizwa waigizaji wala walimu. Waliulizwa wagonjwa halisi na familia zao. Wagonjwa hawakuona tofauti katika ubora wa mazungumzo, na waliohudumiwa na madaktari waliofundishwa walikuwa na dalili za sonona zilizozidi kidogo.

Nimeyarudia matokeo hayo mara nyingi. Inawezekana mazungumzo ya kweli huhuzunisha, na huzuni hiyo ni ya haki. Inawezekana pia kwamba kijana aliyekariri hatua sita huzitembea mbele ya mgonjwa kama anayehesabu ngazi, na mgonjwa, kama yule wa New York, anaona kila kitu. Mtihani wa kitaifa wa Marekani wenye waigizaji nao ulisimamishwa mwaka 2020 kwa sababu ya janga la korona, na Januari 2021 ukafutwa kabisa. Wapo waliofurahi kwamba gharama imeondoka, na wapo waliouliza nani sasa atamtazama daktari mpya akizungumza.

Mwaka huo wa 2021 Curtis mwenyewe aligunduliwa kuwa na ALS, ugonjwa unaodhoofisha misuli hadi ya kupumulia, na ambao kwa wengi huathiri hata usemi. Aliendelea na kazi yake ya kutafiti mazungumzo ya wagonjwa mahututi, sasa akiwa mmoja wao. Alifariki Februari 2023.